Laptopu Tuliyowekeana Mezani

Mimi ni mtu wa tumbo joto tangu utotoni, lakini wiki ile meneja alipotangaza kwamba karani ataonyesha mbele yake jinsi anavyotumia laptopu, hata uji sikuugusa. Karani tuliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, naye ni baba mkwe wangu.

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Kashaulili, nyuma ya maduka, tukigawa mbegu za mahindi kwa wakulima. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mimi nilikuwa mpiga taipu, nimesomea kompyuta kidogo Tabora. Mzee alikuwepo hapo kabla hata sijaolewa. Mume wangu alilima mpunga Kibaoni, na mvua zilikuwa za kubahatisha. Nyumba yetu yote, kule tulikoishi Kawajense, ilikula kwa mshahara wa mzee. Akishindwa akaondolewa, tumekwisha.

Akili ya mzee haikuwa na kasoro. Tatizo ni kwamba kwetu mke wa mtoto haketi ubavuni mwa baba mkwe, hapeani naye mkono, na kiti chake hakikalii hata mwenyewe akiwa safarini. Sasa utamfundishaje mtu kompyuta bila kusimama begani kwake? Nilikaa ng'ambo ya meza, nikitazama mgongo wa mashine, nikafundisha kwa mdomo.

"Baba, shuka chini kushoto."

"Nimeshuka, mama."

"Kuna nini hapo?"

Ananisomea. Tukikwama, anaiweka laptopu katikati ya meza, anaondoa mikono, ndipo naichukua. Afadhali ilikuwa nyepesi, maana ilisafiri kutwa.

Kilichomtesa ni ule mkanda wa chini ya kioo, wenye kitufe cha kuanzia na vialama vya programu. Machoni pake vilikuwa punje za ulezi. Basi siku moja alipoenda kula mchana niliihamishia mezani kwangu. Niliuvuta mkanda juu ukawa mnene, nikafuta vialama asivyovihitaji, nikabakiza viwili, cha kuandikia na cha hesabu, nikavikuza. Aliporudi alicheka kabisa.

"Sasa hapa hata bibi yenu angeona," alisema.

Lakini mkanda unaovutika juu huvutika pia chini, mpaka ukabaki uzi mwembamba usioonekana. Hilo nililijua, na lilininyima usingizi. Kidole chake kilikuwa kizito kwenye kile kibao cha kupapasia. Nilimwonya mara nyingi mpaka nikaogopa nitaonekana nimekosa adabu.

Siku yenyewe meneja, mtu wa kuja asiyejua mambo yetu, alisimama nyuma ya mzee, mikono mfukoni. Mzee alipapasa. Akapapasa tena. Kisha akainua macho.

"Mama, ule mkanda haupo."

Meneja akaniangalia. "We dada, si uzunguke umwoneshe?"

Sikuzunguka. Mzee naye alikodolea kioo macho kana kwamba hakusikia. Nilijua akinitazama tu, nitaanza kulia.

"Baba," nilisema, "teremsha mshale hadi ukingo wa chini kabisa. Ukiota ncha mbili, bonyeza, usiachie, panda nao pole pole."

Nilisikia anavyohema.

"Umeota ncha mbili," akasema. Halafu, baada ya muda uliotaka kuniua, "Unapanda, mama. Umerudi."

Nilitaka kupiga vigelegele pale pale ofisini. Meneja hakutabasamu.

"Kumbe anayejua ni huyu," alisema akininyooshea kidole, "tena hata kioo hakioni."

Mwisho wa mwezi mzee aliagwa kwa soda na maneno mazuri. Mimi nikapewa kazi yake, meza yake, na kiti chake. Nilienda kulia chooni. Majirani walisema tuna bahati, mshahara umebaki ndani ya nyumba ile ile, na mimi niliitikia kwamba ndiyo, tuna bahati. Mzee alishinda uani akichonga mipini ya majembe, na nikipita na maji alikuwa wa kwanza kunisalimia. Hilo liliniumiza kuliko kama angeninunia.

Siku moja mama mkwe alinifuata jikoni. "Mzee anasema ukalie kile kiti. Amekuruhusu."

Kesho yake nilifika mapema. Mto wa kiti ulikuwa bado na bonde pale alipozoea kukaa. Nilisimama mbele yake hadi wenzangu wakaanza kuingia, nikashindwa, nikavuta stuli yangu ya taipu. Meneja alipouliza nilisingizia mgongo.

Na ule mkanda sikuupunguza. Ulikula robo nzima ya kioo, nikafanya kazi katika nafasi iliyobaki juu yake miaka yote niliyokaa pale, na macho yangu mazima.