Verna Aonja Tope la Kwenye Kioo

Mtu anayetaka kusifiwa bure asiende kwa Verna Haverkamp. Mji mzima wa Bixby Creek, huko Iowa, unalijua hilo. Aliendesha magari ya mbio za udongo tangu akiwa msichana wa sekondari mpaka shingo ilipomgomea. Siku daktari alipomwambia basi, alimshukuru, akaliuza gari, akalia njia nzima kurudi nyumbani, kisha akatafuta kazi ya mdomo. Siku hizi kila Jumamosi asubuhi redio ya mji humpa robo saa aonje vitu na kuvihukumu hewani: matairi, kofia za mbio, na zaidi ya yote magemu ya magari, yale ya kuchezea kwenye televisheni. Magemu ndiyo anayoyachinja bila huruma. La mwisho alisema linafaa kumchezeshea paka, na duka la barabara kuu limebaki nalo rafuni mpaka leo.

Basi lilipotoka gemu jipya, pamoja na mashine yake mpya ya kulichezea, watu wakakaa mkao wa kumsikiliza. Safari hii walikuwa na sababu. Ndani ya gemu mlikuwa na Plum Hollow, uwanja wao wenyewe, ambao mto ulifurika ukaubeba na majukwaa yake yote. Watengenezaji walikuwa wameupima na kuupiga picha kabla ya mafuriko. Na Jumanne iliyokuwa inakuja, chama cha mbio kilikuwa na mkutano wa kuamua kama uwanja ujengwe upya. Mkutano uliotangulia ulivunjika kwa kukosa watu. Huu nao ukivunjika, ardhi ingerudi kwa mwenyewe, apande mahindi yake.

Verna alikuwa na uchungu na uwanja ule. Pale alijifunza kuendesha, na pale pale, kwenye mstari wa kumalizia, alifunga ndoa na marehemu Delbert, bwana harusi akiwa na grisi kwenye kucha zote.

"Gemu likiwa zuri," alimwambia Rhonda Tolliver, "nani atanyanyuka kwenye kochi lake kuja mkutanoni?"

Rhonda alikuwa mpinzani wake wa miaka na miaka, aliyewahi kumbamiza ukutani zaidi ya mara moja. Sasa ndiye shoga yake wa kufa na kuzikana.

"Si useme baya tu, yaishe."

"Na kama ni zuri?"

"Kwani utakuwa wa kwanza kudanganya redioni? Yule wa hali ya hewa ana kazi gani nyingine?"

Verna hakucheka.

Ijumaa mchana walikutana kwenye karakana ya matairi ya Gus Pruitt. Gus alikuwa ameweka televisheni juu ya meza ya kazi, akafunga usukani wa gemu mbele ya kiti alichokichomoa kwenye gari bovu, na pedali chini. Rhonda akatoa karanga kwenye mkoba, akaanza kumenya.

"Maganda nje!" Gus akafoka. "Tangu lini mtu akaleta karanga za maganda kwenye mbio? Unataka kututilia nuksi?"

"Gus, baba, hii ni televisheni."

"Nuksi haijui televisheni. Nje!"

Verna alikaa, akaanza kutafuta makosa. Alikata usukani kulia ili gari lizunguke kushoto, kama inavyotakiwa kwenye udongo, nalo likatii. Mizunguko ilivyoongezeka, udongo ukaanza kukauka, katikati ukawa mweusi na kuteleza, kwa hiyo akapanda juu karibu na ukuta kutafuta unyevu. Unyevu ulikuwepo. Pale kona ya nne palikuwa na tuta dogo lililowahi kutukanwa na kila dereva wa wilaya ile. Nalo lilikuwepo, likamrusha vile vile.

"Mbona umenyamaza?" Rhonda aliuliza kutoka mlangoni. "Sema neno, mama, tunakulipia umeme."

Gari la mbele ya Verna lilitupa tope, kioo chote cha televisheni kikafunikwa, na hapo mkono wake wa kushoto ukaruka wenyewe kutoka kwenye usukani, ukaenda usoni, ukabana na kuchuna kwa nguvu. Dereva wa udongo hubandika karatasi laini za plastiki kwenye kioo cha kofia, moja juu ya nyingine, na tope likijaa huchuna ya juu akaona tena. Verna hakuvaa kofia. Alichochuna ni miwani yake ya kusomea, ikaruka ikagonga meza ya kazi ikavunjika, na gari likabingirika ukutani.

Walicheka mpaka Gus akakaa chini. Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu kila mmoja alijua maana yake.

"Limekupata," Rhonda alisema kwa upole.

"Limenipata. Washenzi hawa wamelitengeneza kweli kweli." Alikuwa na hasira, na alikuwa karibu kulia.

Asubuhi yake, mtangazaji Lyle alimchokoza kama kawaida. "Haya, Mama Verna, tumpe paka?"

"Hapana, Lyle. Hili ni la watu." Akavuta pumzi. "Udongo unakauka kama ule wa kweli. Tuta letu la kona ya nne lipo. Mimi mwenyewe nilijisahau nikachuna plastiki isiyokuwepo, nikavunja miwani. Nimelitafutia kasoro, nimekosa. Anayeweza alicheze."

Lyle naye alikuwa mwanachama wa chama cha mbio. "Na mkutano wa Jumanne?"

"Ni saa moja jioni, ukumbi wa chini wa kanisa. Ila hapa nimekuja kuonja gemu, sikuja kuwabembeleza watu."

Alirudi nyumbani akiamini kwamba ameuzika uwanja kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumanne aliwahi ukumbini, akachemsha birika dogo la kahawa, akapanga safu mbili za viti.

"Ungedanganya kidogo tu," Rhonda alinung'unika.

"Halafu Jumamosi ijayo nani aniamini?"

Gus akaingia, akafuatwa na wale wazee wa siku zote. Kisha akaingia nesi mmoja kijana, akiwa bado na sare za kazini, mgeni kabisa kwa Verna.

"Wewe ndiye Mama Verna wa redioni? Tangu Jumamosi lile tuta linanirusha ukutani. Hivi kweli lilikuwa vile?"

"Lilikuwa baya zaidi, mwanangu."

"Basi mkijenga, tafadhali msilisawazishe. Nataka kulipita kwa gari la kweli."

Verna alikuwa anamvutia kiti pale miguu ilipoanza kuvuma kwenye ngazi, wanaume, wanawake, familia nzima nzima, wakibishana kwa sauti juu ya kona ya nne. Viti vikajaa, watu wakaanza kuegemea ukuta.

"Verna!" Gus alipaza sauti. "Viti vingine mnaficha wapi?"

Verna akanyoosha kidole kuelekea stoo, machozi yakimtiririka mbele za watu.