Kuku Aliyekula Unga wa Mama

Muuguzi alipomwambia mama yangu kwamba damu yake ni kidogo, alimshauri ale mboga za kienyeji, maharagwe, na unga wa paketi ulioongezwa vitamini na madini ya chuma. Mama alitoka pale amenuna. "Unga wa kutiwa dawa! Chakula ni chakula, dawa ni dawa." Maisha yake yote alikuwa amekula obusuma, ugali wa mahindi ya shamba lake huko Kabras, akiyapeleka kusagwa mwenyewe na kusimama pale pale asije akabadilishiwa unga wake.

Mimi hasira zangu ziko karibu, lakini siku hiyo nilijizuia. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na nilimtaka mama yangu awe hai. Kila mwezi nikamtumia paketi kutoka Shirere, ninakopanga. Nikipiga simu namuuliza, "Unga unaisha?"

"Unaisha, mwanangu. Unaisha vizuri sana."

Nikafurahi kama mjinga.

Nilipojifungua, alikuja kumwona mtoto, kuku kwapani, ilivyo desturi. Lakini kuku gani huyo! Mzito, manyoya yanang'aa. Nikamuuliza alikuwa akimlisha nini.

"Si ndio ule unga wako."

Ala! "Mama! Unga ule ulikuwa wa kuongeza damu yako! Unataka kufa uniachie nani?"

Hakunikemea. Alimpokea mtoto, akamfunika vizuri. "Kama kweli unga huo una nguvu, mimi mzee nguvu za nini? Wewe ndiye unayenyonyesha."

Nililia.

Jirani akatuchinjia kuku yule, tukapika. Nikaweka paja moja kwenye sahani ya mama, naye akalirudisha kwangu. Kwetu wanawake wa zamani walikatazwa kula ingokho, yaani kuku, na mama alikuwa amepika kuku maisha yake yote bila kuonja, hata baada ya baba kufariki.

"Paketi zako zote zimo humu," nikamwambia. "Usipokula, nami sili. Mjukuu wako atanyonya nini?"

Akamega kipande kidogo, akakitafuna polepole, macho ameyafumba.

"Kumbe," akasema, "baba yenu alikuwa anakula kitu hiki peke yake miaka yote hiyo?"

Akasogeza sahani. "Niongeze mchuzi. Na ukituma unga tena, tuma na wa kuku. Wangu nitaula mwenyewe."