Kengele, Figo na Kipaza Sauti

Wifi yangu amekuwa na ugomvi na figo zake tangu mwanawe wa mwisho aanze shule, na mtoto huyo sasa ananyoa ndevu. Kila baada ya miezi kadhaa kijiwe hujitengeneza humo ndani, kikakaa kimya kama mpangaji mwema, halafu siku moja kikaamua kuhama. Hapo ndipo mwanamke mzima hutambaa sakafuni akimlaumu mumewe, ambaye ni kaka yangu, na ambaye katika hili tu hana kosa. Jikoni kwao kuna vichujio viwili vya chai. Kimoja ni cha chai, na cha pili ni cha kunasia vijiwe vikitoka ili vipelekwe hospitali kupimwa. Kuna mgeni mmoja aliwahi kuvichanganya, na mpaka leo hakuna aliyemwambia.

Kazini anaitwa Kengele. Hutangaza mabasi stendi, kwenye kibanda cha kioo kilicho juu ya dirisha langu la kukatia tiketi. Akisema "abiria wapendwa," unahisi kweli unapendwa, hata kama basi lako halijaonekana tangu asubuhi. Madereva wenye vichwa vigumu hurudisha basi nyuma kwa neno lake moja. Nyumbani sauti hiyohiyo huulizia nani kaacha bomba wazi.

Ushauri alipewa na kila aliyekuwa na mdomo. Akaambiwa aache maziwa, akayaacha kwa miaka. Akaambiwa anywe maji, akanywa mpaka ikawa hawezi kutangaza mabasi mawili mfululizo bila kukimbilia chooni. Kisha akaja daktari mmoja aliyefikiria kumpima damu, akakuta kalsiamu imepanda, na maziwa ya watu yalisingiziwa bure. Shingoni, nyuma ya tezi ile kubwa ya koo, kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele. Kazi yao ni kusimamia kalsiamu mwilini. Kimoja kilikuwa kimevimba, kikajifanya mkurugenzi, kikawa kinaichota kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu, nayo ikaishia kugandia kwenye figo. Dawa yake ni kukitoa. Lakini daktari alikuwa mkweli: jirani na hapo hupita mshipa wa fahamu wa sauti, na ukiguswa vibaya mtu anaweza kubaki anakwaruza, wengine kwa muda, wachache moja kwa moja.

Basi Kengele akaanza kuahirisha. Mara shule zinafunguliwa na abiria ni wengi, mara kaka yangu ana mafua. Nikamkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Wifi, wewe ukipoteza sauti utaendelea kukata tiketi," aliniambia. "Mimi nitakuwa nani?"

Nikajifanya nina mteja.

Alikubali siku alipoambiwa kwamba figo ya kushoto imeanza kuchoka na mifupa nayo inalika. Tarehe ikapangwa. Sasa hofu ikahamia kwenye kiti chake, kwa sababu mara ya mwisho alipolazwa meneja wa stendi alitangaza mwenyewe, na nusu ya abiria wa kusini wakajikuta kaskazini. Kengele akaja na wazo, na ninasisitiza kwamba wazo lilikuwa lake: arekodi matangazo yote kabla ya operesheni, yamshikie nafasi mpaka apone. Meneja alilipokea kwa furaha ambayo ingetufungua macho kama tungekuwa na akili. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu wetu alichimba amevaa gauni la harusini na rangi ya mdomo, kwenda kurekodi sauti. Ile "tunaomba radhi kwa usumbufu" aliirudia mpaka ikawa tamu kiasi kwamba mtu anatamani asumbuliwe.

Fundi akaunganisha kompyuta, eti kwa majaribio. Majaribio yakanoga. Kengele akawa anakaa kibandani mikono mapajani, akijisikiliza. Meneja akaisifu mashine mbele yake: haichelewi, haiumwi, haiendi chooni. Akamwambia apumzike vizuri baada ya operesheni, hata muda mrefu, asiwe na haraka ya kurudi. Wifi yangu akacheka pamoja naye. Siku hiyo hakunywa maji kabisa, na mimi niliona, nikaendelea kukata tiketi.

Zikiwa zimebaki siku mbili, mchana, kijiwe kikahama. Alikuwa peke yake kule juu. Akashika kipaza sauti akaniita nimsaidie, lakini kipaza sauti kilikuwa kimechomolewa kupisha waya za kompyuta. Mimi chini nilichosikia ni yeye, mtulivu, akiwakumbusha abiria mizigo yao na kuwatakia safari njema. Nikamwambia mteja wangu kwamba wifi yangu leo yuko vizuri. Ni mpaka alipogonga kioo kwa kiatu ndipo nilipopanda ngazi. Nilimkuta amejikunja sakafuni, jasho likimtoka, na spika zote zinaomba radhi kwa usumbufu kwa sauti yake. Nikalia. Figo nilishazizoea, sikuwa nikizililia hizo.

Akalazwa moja kwa moja. Kesho yake kijiwe kilikuwa kimeshatoka, na daktari wa upasuaji akaja kumwandaa. Akapitisha kamera nyembamba puani kuangalia nyuzi za sauti, akamwambia aseme "iii", akasema ni nzima. Kwa kuwa alijua habari za kuahirisha, akaeleza tena taratibu hatari ya kupoteza sauti, akamuuliza kama angependa kufikiria kwanza.

"Sauti yangu ina ajira ya kudumu, daktari," alisema. "Mgonjwa ni mimi. Nikate."

Kaka yangu akacheka, akidhani ni utani. Wifi yangu alikuwa ameshaanza kuvua hereni.