Kitanda cha Mama Shelly Beach

Mama yangu alitandika vitanda vya wageni katika hoteli za Likoni tangu sijaanza shule hadi magoti yalipomkatalia. Vitanda hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Kwa hiyo nilipopata likizo ya maana, nilimchukua kutoka kwetu Changamwe nikampeleka hotelini Shelly Beach, kulekule Likoni, siku tatu, naye awe mgeni. Alibeba kikapu cha muhogo, maana kwa watu huendi mikono mitupu.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na maji ya bomba. Mama alikuwa bafuni akisugua sakafu, na kitanda chake kimeshatandikwa. Mimi nami hasira zangu ziko karibu.

"Mama, tumekuja kupumzika ama kutafuta kibarua?"

"Nikae tu mtu anioshee? Kwani mimi mgonjwa?"

Mazoea yana taabu. Siku ya pili akafanya vilevile. Bahari ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, naye hajaikanyaga. Nikaanza kujuta kumleta. Ndipo dada anayesafisha vyumba alipobisha, akaingia na ndoo yake, akaona hakuna la kufanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimekukosea nini? Jana hukuniachia kazi, na leo tena. Msimamizi akijua atasema sihitajiki."

Maneno hayo mama aliyajua kuliko mimi. Alikiendea kitanda, akalivuta shuka alilolinyoosha mwenyewe, akaliangusha chini. Kisha akaenda kuketi kibarazani, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari.

"Hiyo pembe ya ukutani ivute zaidi," alishindwa kujizuia.

"Haya, mama," dada akacheka.

Baadaye mama akasema bila kunitazama, "Miaka yote ile nilikuwa nimeipa bahari mgongo. Kumbe ukikaa hapa unaiona yote."

Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule dada, ambaye jioni alikwenda kwake na kikapu cha muhogo.

Siku ya kuondoka nilichelewa kuamka. Kitanda cha mama kilikuwa wazi, shuka limejikunja, mto uko sakafuni. Katika maisha yangu sikuwahi kukiona hivyo. Nikachungulia nje: yuko majini, leso ameipandisha hadi magotini, anatembea polepole.

Niliinama kuuokota ule mto, kisha nikauacha.