Mfalme Hafi Mpaka Ngoma Iseme

Kwa miaka thelathini na moja pale mjini Oshogbo, Ayantunji amemuua Mfalme Adegorite mara zisizohesabika. Yeye hupiga ngoma ile ya kubana kwapani, ngoma inayosema kwa kuiga mlio wa maneno ya lugha ya huko, na kundi lao la maigizo lina mwiko mmoja: mfalme aliyemuua mwanawe bila kujua anapiga magoti na kisu, lakini hafi mpaka ngoma iseme, "Tembo ameanguka."

Waigizaji watatu wa mfalme huyo wamepita mbele yake. Wa kwanza, Lasisi, alipiga magoti kimya, anaangalia mikono yake tu, hadi wauza akara, zile bajia za kunde, mlangoni wanasahau mafuta motoni. Wa pili, Kolapo, alilia vizuri, ila jicho moja lilikuwa linatafuta kamera. Wa tatu ni huyu Gbolahan. Huyu anabweka.

Kubweka ungemsamehe. Lakini juzi redioni aliulizwa kuhusu Lasisi, ambaye hana hata mwaka kaburini, akacheka: "Yule? Alikuwa anakufa kama kuku mwenye mdondo." Mjane wa Lasisi alikuwa anasikiliza.

Ayantunji hakugombana na mtu. Alikula ugali wake wa amala, akanawa, akasubiri Jumamosi.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Gbolahan akapiga magoti, akabweka, akainua kisu. Ngoma kimya. Akabweka tena. Ngoma ikasema, "Bado." Ukumbi mzima ulielewa, si lugha yao? Vicheko vikaanza.

"Mfalme, hata kuzimu wamekukataa!" mama mmoja akapayuka.

Jasho likachuruzisha rangi ya uso. Gbolahan akajiburuta kwa magoti mpaka karibu na ngoma.

"Baba, nakuomba. Niue."

"Mtaje Lasisi."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Kwani redioni ulisema mbele ya nani, mbele ya mbuzi?"

Akanong'ona jina.

"Hilo vimelisikia viatu vyako tu."

Gbolahan akageukia watu. Sauti ya kubweka ilikuwa imemwisha. "Lasisi ndiye alikuwa mfalme," akasema polepole. "Mimi nimevaa nguo zake." Akainamia mikono yake. Kicheko kikakatika. Mjane, kiti cha mbele, akafuta macho.

Ukweli ni kwamba Gbolahan alikuwa hajawahi kuigiza vizuri namna ile, na hilo lilimuudhi Ayantunji kupita kiasi. Akamwacha magotini dakika nzima zaidi, ndipo akampigia afe.