Jiko Likatazama Kaburi

Tulikuwa wanne siku hiyo shambani kwetu Rongai: mimi, wifi yangu ambaye ni dada ya marehemu mume wangu, mjukuu wangu aliye binti wa kitinda mimba wangu na anayesomea kuchora majengo kwa kompyuta, na fundi ambaye ni mtoto wa mama niliyechuma naye pareto kule Keringet. Majina yao yote ninayo, hata ya babu zao, ila hapa siyaandiki.

Fundi alikuja kupiga vigingi vya nyumba yangu mpya. Nilikuwa na sharti moja tu: nikisimama mlangoni pa jikoni, nione kaburi la mume wangu.

Mjukuu alikuwa amechora boma lote. Akanionyesha orodha pembeni ya kioo cha kompyuta yake. Kitu kikiwekwa chini ya kingine ni mtoto wake, na mzazi akisogea, mtoto anamfuata.

"Sasa shosho, nyumba iko na watoto gani?"

"Weka wote. Jikoni, tangi, choo, kaburi."

Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, kwa hivyo sikuona kosa.

Fundi akasema pale chini nyumba ilipochorwa maji hutuama mvua ikizidi, isogezwe kidogo upande wa juu wa shamba. Mjukuu akaivuta. Vyote vikapanda nayo, mlango bado ukitazama kaburi.

"Hapo hapo!" nikasema. "Piga vigingi."

Wifi akavaa miwani. "Ngoja kwanza. Kaka yangu mmemhamisha lini? Tena bila kuniita hata kwa chai?"

Tulicheka, kisha nikageuka nikatazama kaburi lenyewe: lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote.

"Kaburi ni mtoto wa shamba, shosho, si wa nyumba," mjukuu akasema. Akalitoa, likarudi mahali pake. Sasa mlango ukatazama ua wa jirani.

Fundi alikuwa ameshika nyundo. "Mathe, tuanze ama tuache?"

Nikaitazama ile orodha tena. "Huyu jikoni anaweza kugeuka bila kumsumbua mamake?"

"Anaweza."

"Basi mgeuze."

Akamgeuza polepole. Nyumba haikutikisika. Kaburi likaja mbele ya mlango, na msalaba wake. Fundi akapiga kigingi cha kwanza.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Wifi husema wazo la kugeuza jikoni lilikuwa lake. Kama ulisikia vingine, au nimekosea popote, njoo unirekebishe. Utanipata mlangoni pale.