Lava Niliyoigundua Mirihi

Nilikuwa mwalimu wa jiografia Ngara gazeti lilipoleta picha ya sayari ya Mirihi, na ujuaji wangu haukuwa na breki. Mbele ya mkaguzi wa shule nilionyesha doa jeusi lililofunika mashimo.

“Kilicho juu ndicho kilichokuja mwisho,” nikafundisha kwa madaha. “Mashimo ni ya kale. Lava hii ilimwagika baadaye.”

Wanafunzi wakaandika. Mkaguzi, mzee wa Mombasa, akaliomba gazeti, akalinusa, akaligeuza. Lava ilikuwa imepenya hadi kwenye matokeo ya mpira.

“Kweli mwalimu, imekuja baadaye,” akasema taratibu. “Haya ni mafuta ya mahamri.”

Nilikuwa nimeyafunga humo asubuhi.

Msichana wa mbele akainua mkono. “Mwalimu, tufute?”